Jua Haki Zako: Ni Mfuko Upi Unaokulipia Hospitalini?

Chukua mfano wa mama anayeshona sare za shule katika Soko la Jericho, Nairobi. Mtoto wake ameshikwa na homa usiku kucha, na asubuhi anampeleka kituo cha afya cha umma mtaani. Amejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, lakini hajalipa ada ya mwaka. Karani anatazama kompyuta na kumwambia, "Mama, wewe hujalipa, hatuwezi kukuhudumia." Je, karani huyo yuko sawa kisheria?

La, hayuko sawa. Mama huyu angejua namna fedha za afya zilivyogawanywa, angemjibu papo hapo.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya Kenya ya mwaka 2023 ilifuta NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966, na kuunda SHA, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Wengi hudhani SHA ni mfuko mmoja. Ni mifuko mitatu, na kila mmoja una haki zake.

Mfuko wa kwanza ni wa Huduma za Afya ya Msingi. Fedha zake hutoka serikalini, kwa kodi unayolipa. Mfuko huu hugharimia matibabu ya kawaida bila kulazwa katika zahanati na vituo vya afya, yaani levo ya 2 na ya 3. Unachotakiwa ni kujisajili tu. Homa ya mtoto wa fundi wetu iko hapa.

Mfuko wa pili ni wa Bima ya Afya ya Jamii, yaani SHIF. Huu ndio unaojazwa na michango yetu, na ndio unaolipia kulazwa, upasuaji na kujifungua. Kwa mfano, umewekewa shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hapa usipolipa ada, huna bima.

Mfuko wa tatu ni wa Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi. Nao hutegemea fedha za serikali, na huendeleza malipo ya mgonjwa sugu pale kiwango cha SHIF kinapokwisha.

Unalipa kiasi gani?

Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Anayepata shilingi 20,000 hukatwa 550, na hakuna anayelipa chini ya 300 kwa mwezi. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha fedha hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Akikukata asiwasilishe, utafika hospitalini uambiwe huna bima. Kagua akaunti yako kila mwezi kwa kubonyeza *147#, na uhifadhi hati za mshahara, kwa sababu ndizo ushahidi wako.

Asiye na mshahara, kama fundi, mama mboga au mtu wa bodaboda, hupimwa uwezo kwa maswali kuhusu nyumba yake, maji, choo na anachopikia. Hulipa kwa mwaka, kuanzia shilingi 3,600. Ukipangiwa kiasi kisicholingana na hali yako, usinyamaze. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi wa ofisi ya umma unapokuumiza. Omba hesabu ipitiwe upya. Na kwa asiyejiweza kabisa, sheria inaitaka serikali imlipie.

Dharura haingoji malipo

Gari likikugonga Jogoo Road, hakuna hospitali, ya umma wala ya kibinafsi, yenye ruhusa ya kudai amana kwanza. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kwa Sheria ya Afya ya 2017, ni kosa la jinai kwa hospitali yenye uwezo kumnyima mgonjwa matibabu hayo. Haki hii ni yako hata kama hujasajiliwa.

Hospitali si jela

Mwaka 2010 akina mama wawili walizuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, si mbali na Jericho, kwa kushindwa kulipa baada ya kujifungua. Mmoja alilala sakafuni, karibu na choo kilichokuwa kikifurika. Walikwenda mahakamani, na Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki yao ya uhuru na ya utu. Aliamuru walipwe fidia, mmoja shilingi milioni 1.5 na mwenzake 500,000.

Deni linabaki kuwa deni, na hospitali inaweza kukushtaki ikilidai. Lakini mwili wako haushikwi rehani.

Ukikataliwa, fanya hivi

Uliza kwa utulivu: "Huduma hii inalipwa na mfuko upi?" Andika jina la karani, tarehe na saa. Omba kukataliwa kwako kuandikwe, na uitishe risiti ya kila shilingi. Usitoe alama ya kidole wala nambari ya siri ya simu kwa huduma ambayo hukupewa, maana hapo unathibitisha madai ya uongo kwa fedha zetu sote.

Piga simu SHA, nambari 147. Malalamiko kuhusu daktari au hospitali yapeleke kwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Uzembe wa ofisi ya umma upeleke kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kama huna wakili, Kituo cha Sheria husaidia wasiojiweza bila malipo.

Kama hujajisajili, anza leo, wewe na watoto wote nyumbani. Usajili ni bure, na ndio unaofungua mfuko wa kwanza.