Hilux ya zamani na bei ya dizeli

SWALI: Msomaji wa Ndera, Kigali, ana Toyota Hilux ya dizeli iliyokwisha tembea kilomita 400,000. Kila RURA, mamlaka ya Rwanda inayopanga bei za mafuta, inapotangaza bei mpya, mfuko wake unatoboka. Aiuze au aitengeneze?

JIBU: Kwanza apime. Ajaze tangi hadi juu, aandike kilomita, aendeshe kama kawaida wiki nzima, kisha ajaze tena kwenye pampu ileile. Lita zilizoingia, zikigawanywa kwa kilomita alizotembea na kuzidishwa kwa 100, ndio ulaji halisi kwa kilomita 100. Maneno ya kijiweni hayatoshi.

Kisha atazame moshi gari likipanda mlima. Mweusi ni dizeli isiyoungua: fedha zake zinatokea kwenye ekzosi. Kigali iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo filta ya hewa iliyoziba huiumiza injini upesi kuliko Mombasa. Abadilishe hiyo kwanza. Moshi ukibaki, nozeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia. Nzima hupuliza ukungu mwembamba, iliyochoka hudondosha matone. Moshi wa bluu ni habari nyingine kabisa: injini inakula oili, na hapo kuuza kunaanza kuwa na maana.

Tangu 2025 Rwanda hupima moshi wa magari, na kituo kimoja kiko hapohapo Ndera. Matengenezo haya hayakwepeki.

Asichanganye dizeli na mafuta ya taa, hata akishauriwa vipi. Pampu ya dizeli ya injini hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikisagika, gharama ya kuitengeneza itameza akiba yote.