Umemkuta paka wa mtaani kaumia: huruma inaanzia wapi?



Leo tuongee jambo ambalo kwenye semina zetu za vijana halisikiki sana. Chukulia mmemaliza jumuiya jioni pale Mlabani, Ifakara, unarudi zako nyumbani. Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga unasikia sauti. Ni paka wa mtaani, wale wasio na mwenyewe, wanaoishi kwa kuwinda panya. Mguu mmoja unaning'inia, labda kagongwa na bodaboda. Shingoni ana kidonda kinatoa usaha. Watoto wameshaokota mawe, na mmoja anasema, "Mweusi huyo, wa wachawi huyo!" Wewe una rozari mfukoni. Unafanyaje?

Wengi wetu tuna majibu mawili: kupita kimya kimya, au kumrukia na kumbeba. Yote mawili yana shida.

Kanisa linafundisha nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416, inasema wanyama ni viumbe wa Mungu, naye anawatunza, kwa hiyo sisi tunapaswa kuwatendea kwa wema. Inatukumbusha watakatifu wawili: Fransisko wa Asizi na Filipo Neri. Fransisko tunamfahamu, hata hospitali yetu kubwa hapa Ifakara ina jina lake. Filipo Neri inasimuliwa kwamba alipohama makazi yake ya zamani kule Roma alimwacha paka wake, akawa anawatuma wafuasi wake kwenda kumlisha.

Namba 2418 ina pande mbili. Kwanza, kumtesa au kumuua mnyama bila sababu kunapingana na heshima ya binadamu mwenyewe. Yaani jiwe lile linamuumiza paka, halafu linamharibu na anayelirusha. Pili, si sawa kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kuondoa taabu ya watu. Kwa hiyo ada ya mdogo wako na dawa za bibi zinatangulia. Ila mara nyingi paka hahitaji fedha nyingi. Anahitaji mtu anayejua la kufanya.

Na lile la wachawi? Huo ni ushirikina, na amri ya kwanza inaukataza. Rangi ya manyoya haina dhambi.

Huruma na busara

Soma Luka 10:25-37. Msamaria alimwonea huruma yule majeruhi, lakini hakuishia hapo. Alifunga majeraha, alikuwa na mafuta na divai, alimpandisha juu ya mnyama wake, akamkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni na kulipa. Huruma yake ilikuwa na mpangilio. Hiyo ndiyo fadhila ya busara: kujua lililo jema, kisha kuchagua njia sahihi ya kulitenda.

Basi turudi kwa paka wetu.

Kwanza, simama na umtazame. Paka mwenye maumivu anang'ata hata kama jana ulimpa dagaa. Waondoe watoto kwa upole. Kama mate yanamchuruzika, anashindwa kumeza, anayumba, au anashambulia ovyo bila kuchokozwa, usimguse kabisa. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa, ambacho paka pia anakipata. Mwite afisa mifugo wa kata.

Pili, usimshike kwa mikono mitupu. Mfunike polepole kwa tenga la kuku, au mtupie taulo nene au gunia, kisha umwingize kwenye boksi lenye matundu ya hewa. Lifunike kwa kitambaa. Gizani paka anatulia. Kama anaweza kutembea, weka samaki kidogo ndani ya boksi uache aingie mwenyewe. Aliyegongwa usimnyanyue kwa mguu wala kwa ngozi ya shingo. Mtelezeshe juu ya ubao au kitambaa kilichokazwa, kama machela.

Tatu, usimpe dawa za nyumbani. Panadol inamuua paka. Mwili wake hauwezi kuivunja. Dettol na mafuta ya taa ni sumu kwake, na atailamba yote. Kama kidonda ni kidogo na ametulia, kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Mpe maji ya kunywa badala ya maziwa, maana paka wengi wakubwa maziwa yanawaharisha. Mguu uliovunjika usiunyooshe. Jipu, funza na mifupa ni kazi ya daktari wa mifugo. Dada mjamzito asishike kinyesi cha paka, kwani kinaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni.

Nne, ukiumwa au ukikwaruzwa, usione aibu. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kesho, usianzie kwa mganga. Jino la paka ni jembamba lakini linazama ndani, na kidonda chake huoza haraka. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ikiwahi, inazuia. Ugonjwa huu si habari za mbali. Bonde la Kilombero lilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuchanja mbwa kusini mwa Tanzania kuanzia miaka ya 2010.

Na kama daktari akisema haponi? Swali gumu. Kumwondolea mnyama mateso yasiyo na tiba, kwa mkono wa mtaalamu, si dhambi. Mtu ni tofauti: uhai wake tunausindikiza hadi Mungu amwite. Lakini uamuzi huo si wa watoto wenye mawe, wala si wako peke yako usiku.

Ndugu yangu, kuna siku utafanya yote haya na paka atakufa bado. Hujapoteza muda. Wale watoto waliokuona umesimama wamejifunza kitu ambacho hakuna mhadhara ungewafundisha.

Maswali ya kutafakari

1. Ni lini nilipita pembeni ya kiumbe anayeteseka kwa kuogopa watu watasema nini?
2. Je, nimewahi kumuumiza mtu au mnyama kwa huruma isiyo na busara?

Kazi yetu

Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Siku sita baadaye, tarehe 4 Oktoba, ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kati ya siku hizo, muulizeni afisa mifugo kuhusu chanjo, mkawapeleke mbwa na paka wa jumuiya yenu.

Tusali

Ee Baba, uliyeumba hata yule asiye na mwenyewe, tupe macho ya kuona, mikono ya upole na akili ya kuuliza tusichokijua. Utufundishe kwa viumbe wadogo namna ya kuwapenda ndugu zetu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.