WATU WANGAPI WALALA, WANGAPI WALA? SOMO KUTOKA KISIWANI MOMBASA

 

Tukitembelea vikundi twasikia neno moja kila mahali: "Watu wamekuwa wengi mno, ndiyo maana tu maskini." Pengine ni kweli. Lakini tusiseme kabla ya kuhesabu. Leo tuangalie Kisiwa cha Mombasa, kwani wengi wenu mna mtoto, mume au shemeji anayetafuta riziki huko, na fedha anazotuma ndizo zinazolipa karo na kununua mbegu.

Mvita ndiyo kisiwa chenyewe, pamoja na Mji wa Kale. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta huko watu 143,128, na ile ya 2019 ikakuta 154,171. Kwa miaka 10 wameongezeka 11,043 tu, kama 8 kwa kila 100. Likoni, ng'ambo ya kivuko, walikuwa 166,008 wakawa 250,358. Hiyo ni nyongeza ya 51 kwa kila 100!

Mtu aliyepita Marikiti saa nne asubuhi atasema tumekosea, maana hapana hata pa kukanyaga. Hatukukosea. Sensa humhesabu mtu pale alipolala. Chumba kisiwani ni ghali, basi watu hulala Likoni au Kisauni, alfajiri wakavuka kwa feri au kwa daraja la Nyali, jioni wakarudi kwao.

Kwa hiyo mama anayeuza mahamri na mbaazi Mji wa Kale hategemei majirani peke yao. Anategemea wapita njia, na watalii waendao Fort Jesus. Mwezi wa Mei 2020, serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya korona, wakazi walikuwa wale wale, lakini mteja wa kutoka nje hakuweza kuingia. Hapo umaskini hauwezi kusingiziwa wingi wa watoto.

Bandarini nako kuna mambo yake. Zamani gunia lilibebwa begani, na meli moja ilitaka vibarua wengi. Makontena yalipokuja, mashine ikachukua kazi hiyo. Tena tangu treni mpya ya mizigo ianze mwaka 2018, makontena mengi hupanda treni kwenda bara. Wenye malori wamelalamika sana, na hata wapishi wa kando ya barabara wameguswa, kwa kuwa dereva akikosa safari hali hapo.

Sasa tupige hesabu. Huu ni mfano tu. Kijana wenu anasema, "Nalipwa shilingi 1,000 kwa siku." Kikundi kinafurahi, kinampa mamake mkopo. Lakini tumuulize: siku ngapi kwa juma? Akisema tatu, basi ni 3,000 kwa juma, yaani kama 429 kwa siku. Wanaokula kwa fedha hizo ni sita, huko na nyumbani. Kila mmoja anapata kama 71, na kodi ya chumba bado haijatolewa! Mkopo wa kulipwa 500 kila juma utamtesa mama huyo, na mwisho atauza mbuzi. Tumeona vikundi vikivunjika kwa jambo hili, wala hapakuwa na mwizi.

Kazi ya kikundi kabla ya mkutano ujao: kila mwanachama aandike wangapi walilala kwake jana, wangapi wanakula kwa fedha zake hata kama wanalala kwingine, fedha zinatoka wapi, na siku ngapi kwa juma. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wa shule. Karani asisome majina mbele ya watu, maana mapato ya mtu ni siri yake. Asome jumla tu, kisha mjadiliane kama kiwango cha mkopo mlichoweka mwaka jana bado kinafaa.