Pikapu kwa Gitaa la Jazi: Namna ya Kuichagua na Mahali pa Kuifunga

Gitaa la jazi la asili lina uso wa mbao uliochongwa ukabinuka, na matundu mawili yenye umbo la herufi f. Gibson L-5, iliyotoka mwaka 1922, ndiyo iliyoweka mfano huo. Magitaa ya namna hii yaliundwa ili mbao yenyewe itoe sauti ya kutosha, na Freddie Green aliyatumia hivyo kwa miongo mingi katika bendi ya Count Basie, akishika mdundo bila umeme. Solo ni jambo jingine. Mbele ya ngoma na tarumbeta, mlio wa uzi mmoja humezwa. Mpiga gitaa Charlie Christian alipojiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939 akiwa na Gibson ES-150, wasikilizaji walisikia gitaa likijibizana na ala za upepo kwa nguvu sawa. Tofauti ilikuwa pikapu, kifaa kinachogeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme.

Kabla ya kununua pikapu, jiulize swali moja: unataka watu wasikie uzi au mbao? Jibu la swali hilo litakuongoza katika mengine yote.

Aina tatu za kuchagua

Pikapu ya sumaku husikia uzi wa chuma. Ndani yake mna sumaku na koili ya waya mwembamba. Uzi ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa kwenye koili. Hutoa sauti nene na ya mviringo, ile ambayo wengi wanaitambua kuwa ya jazi, na huvumilia sauti kubwa jukwaani kuliko aina nyingine. Yenye koili moja hudaka mvumo wa umeme wa taa na transfoma. Yenye koili mbili, ambayo Seth Lover wa Gibson aliibuni katika miaka ya 1950, huufuta mvumo huo kwa kuzipinganisha koili.

Pikapu ya piezo husikia mtikisiko wa daraja au wa uso wa gitaa. Hutoa sauti iliyo karibu zaidi na mbao, na hufanya kazi kwa nyuzi za aina yoyote. Udhaifu wake ni sauti kavu na kali usipoipatia priampu inayoifaa.

Maikrofoni ndogo ya kondensa ndiyo inayobeba hewa na mbao kwa uaminifu zaidi. Nyingi huhitaji volti 48 kutoka kwenye miksa. Zinafaa studio na kumbi tulivu. Ukizisimamisha kando ya seti ya ngoma, zitadaka ngoma pia.

Mahali pa kuifunga

Pikapu ya sumaku ikikaa karibu na shingo, besi huongezeka. Ikisogea kuelekea daraja, sauti huwa nyembamba na kali. Sababu ni kwamba uzi hutikisika kwa mapana zaidi ukiwa mbali na daraja. Mahali panapopendwa na wapiga jazi ni mwisho wa ubao wa vidole, karibu na robo ya urefu wa uzi kutoka darajani. Kama urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja ni milimita 648, robo hiyo iko milimita 162 kutoka darajani. Sogeza pikapu sentimita mbili tu kuelekea daraja na utasikia tofauti.

Kuna njia mbili za kuifunga. Ya kwanza ni kuiacha ielee: ishikwe na mwisho wa shingo au na kibao cha kukinga uso, bila kugusa uso wa gitaa. Gibson ilitengeneza gitaa la mpiga jazi Johnny Smith mwaka 1961 kwa mtindo huu. Uso unabaki huru, na gitaa bila umeme linalia kama zamani. Ya pili ni kukata tundu usoni na kuizamisha humo, kama ilivyo kwenye Gibson L-5 CES aliyoipiga mpiga jazi Wes Montgomery. Uzito wa pikapu hupunguza mtikisiko wa uso, na hiyo husaidia panapopigwa kwa sauti kubwa. Lakini tundu likishakatwa halirudi, na mbao za kuimarisha uso kwa ndani zinaweza kudhurika. Kwa gitaa la zamani, anza na pikapu inayoelea. Ukihitaji iliyozamishwa, tafuta gitaa lililoundwa hivyo tangu kiwandani.

Kabla ya kununua pikapu inayoelea, pima nafasi kati ya nyuzi na uso mwishoni mwa shingo. Ikigusa uso, itapiga kelele kila ukicheza. Ukishaifunga, bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho na uache nafasi ya milimita mbili hadi tatu kati ya uzi na pikapu. Ukiikaribisha mno, sumaku itavuta uzi na kuharibu mlio wake.

Kwa piezo ya daraja, kumbuka kuwa daraja la gitaa hili halijagundishwa. Linashikwa na mkazo wa nyuzi. Weka alama mahali lilipo kabla ya kulitoa. Ukimaliza, linganisha mlio wa hamoniki kwenye freti ya 12 na mlio wa uzi uliobonyezwa hapohapo. Ikipishana, sogeza daraja mpaka ilingane.

Nyuzi na nyaya

Pikapu ya sumaku haisikii shaba. Ukitumia nyuzi zilizozungushiwa shaba nyeusi, pikapu itasikia chuma cha ndani peke yake, na nyuzi mbili nyembamba zitazizidi nyingine. Tumia nyuzi zilizozungushiwa nikeli au chuma.

Piezo huhitaji kuingia kwenye kifaa chenye ukinzani wa megaohm 1 au zaidi. Usiichomeke moja kwa moja kwenye tundu la laini la miksa. Pitisha kwanza kwenye priampu. Ukichanganya piezo na sumaku, na besi ikapotea zikiwaka pamoja, geuza fezi ya mojawapo.

Kuzuia fidibaki

Fidibaki ni mvumo unaozaliwa pale spika inapotikisa uso wa gitaa, nao uso ukatikisa nyuzi, na sauti ikarudi tena kwenye spika. Usielekeze uso wa gitaa kwenye spika iliyo karibu. Iweke pembeni na usogee mbali nayo hatua chache. Punguza besi kwenye amplifaya. Fidibaki ikibaki, ziba matundu ya f kwa sponji laini.

Mwisho, jaribu pikapu ukiwa na bendi yako, kwa sauti mnayopiga kweli. Sauti inayopendeza chumbani inaweza kuvuma jukwaani. Na kama kazi inadai kukata mbao, mkabidhi fundi aliyewahi kutengeneza magitaa ya aina hii.