Kusoma na Kuzoea

Wazee wengi katika miji yetu hudhani kwamba kijana akishapata cheti cha chuo, kazi ya kumfunza imekwisha. Watuwie radhi, sisi hatuoni hivyo, na ushahidi wetu twautoa katika kazi isiyo ngeni pwani, nayo ni kazi ya bahari.

Mwaka 1978 mataifa yaliafikiana mjini London juu ya mafunzo ya mabaharia na vyeti vyao. Mapatano hayo, yaliyotengenezwa upya mwaka 1995 na 2010, yamtaka mwenye kutafuta cheti cha ofisa wa zamu katika meli kubwa awe ametumika baharini si chini ya miezi 12 ndani ya mafunzo yake, na katika hiyo, miezi 6 ashike zamu ya kuongoza chombo chini ya jicho la mkubwa wake. Huwa na daftari, na kila kazi aliyoifanya hutiwa saini na aliyemuona akiifanya. Asiyepitia mafunzo ya namna hiyo hutakiwa miezi 36. Basi tazameni: mafunzo yamempunguzia mtu miezi 24, lakini hayakumwondolea bahari.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mwalimu aweza kukueleza jinsi ya kuepuka chombo kinachokujia usiku. Bali kuikisia taa ile iko umbali gani, na mvua yanyesha, na usingizi umekushika, hilo halimo ubaoni. Wala hatusemi kalamu haina kazi. Manahodha wetu wa majahazi walizijua nyota na pepo kwa mazoea, na wengi wao wamekufa na ujuzi wao kwa kuwa haukuandikwa.

Leo tunao vijana waliomaliza darasa wanaozunguka na bahasha mkononi wakitafuta meli ya kuwachukua. Meli hawaipati, na bila ya meli cheti hakikamiliki. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyesomea umeme au mitambo. Na akipokewa, mara nyingi hutumwa chai na kufagia mpaka muda wake ukaisha, kisha akaambiwa hajui kitu!

Twawaomba wenye karakana, maduka na vyombo: kila mmoja amchukue japo kijana mmoja, ampe kazi yenyewe, na amtilie saini lile tu alilomuona akilitenda.