Kabla ya kununua gari lililokuwa la kukodisha

Gari lililobeba watalii wa Serengeti au wateja wa Musoma na Bunda limeshikwa na madereva wengi; bei nafuu isikupofushe.

1. Linganisha namba ya chesesi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye gari.
2. Namba nyeupe ya usajili ni ya biashara. Ikiwa ya njano, bado uliza lilianza na ipi.
3. Usiamini kilomita za dashibodi: tazama pedali ya breki. Mpira uliolika hadi kung'aa unaonyesha kazi ya miaka.
4. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji.
5. Liwashe injini ikiwa baridi, kisha lipeleke kwenye barabara za rafu za vijijini Butiama usikilize bushi na shokapu.
6. Hakiki faini za trafiki na mkopo wa benki.
7. Hamisha umiliki TRA mapema.