Somo la Robo Hii: Ujumbe wa Tahadhari Usiwe na Nafasi Tupu



Wapendwa wanakamati wa sharika na marafiki wa mradi, leo tunajifunza jinsi kompyuta inavyoandaa ujumbe wa tahadhari ya mafuriko kabla haujafika kwenye simu zenu.

Mwangalizi husoma kipimo cha mvua na kututumia namba kwa simu. Programu iliyopo ofisini huipokea, hufungua fomu yenye nafasi wazi na kuzijaza kwa taarifa zilizomo katika kumbukumbu: kituo, saa, kiasi cha mvua, mahali na hatua ya kuchukua. Kisha hutuma. Programu haifikiri, hujaza kama ilivyoelekezwa.

Hilo tulijifunza katika zoezi letu la kwanza. Ujumbe ulisomeka: "Mvua kubwa. Mahali: Soni. Hatua:" na hapo ukaishia. Wenzetu wa Mombo waliuweka kando, maana ulitaja Soni. Lakini maji ya Soni huteremkia Mombo! Programu ilichukua mahali penye kipimo badala ya mahali penye hatari, na nafasi ya hatua tuliiacha tupu sisi wenyewe. Ingekuwa mvua kama ile ya Oktoba 2019, iliyoleta mafuriko Handeni na Korogwe, tungewaacha ndugu zetu wamelala.

Tangu hapo tunafuata mambo manne:

1. Kila kituo kiandikiwe vijiji vilivyo chini yake, na ujumbe uvitaje hivyo.

2. Nafasi ikiwa tupu, ujumbe usitoke. Urudi kwa mratibu aujaze mara moja.

3. Ujumbe useme kama ni wa kweli au ni zoezi. Na kama ni mpya, ni marekebisho, au umefutwa.

4. Ubebe yanayohitajika tu. Majina ya wagonjwa na wazee wasiojiweza yabaki kwa kamati, yasisambae kwenye simu.

Mambo haya hatukuyabuni. Utaratibu wa kimataifa wa ujumbe wa tahadhari, uitwao CAP, ulipitishwa mwaka 2004, na toleo lake la 1.2 mwaka 2010. Nao una nafasi za aina ya hatari, ukali wake, eneo, muda wa kwisha na maelekezo. Tukumbuke pia kwamba tahadhari za hali ya hewa hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Sisi tunaongeza habari za mito yetu tu, kwa kushirikiana na serikali za vijiji.

Kwa wafadhili wetu: kipimo cha mvua huonekana kwenye picha. Siku tunazokaa na wazee kuwauliza maji hupita wapi hazionekani, lakini bila majibu yao kipimo hakimwokoi mtu. Ndiyo maana bajeti ina fungu la mikutano.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14:8, anazungumzia baragumu ambalo sauti yake haieleweki. Tusiwe baragumu hilo.

Maswali ya kujadili katika kamati:

- Mvua ikinyesha milimani, maji hufika kwetu kupitia wapi?
- Nani atawafikia wasio na simu?
- Katika ujumbe wa mwisho tuliopokea, kulikosekana nini?

Tuleteeni majibu kabla ya mvua za masika.